Sura ya 6: Mkono Unaosahihisha

"Sasa hiyo kompyuta inajuaje kwamba hii ni seli, na ile pale ni uchafu tu?"

Swali hili hunifuata kila ninapoonyesha watu picha za ubongo zilizopigwa kwa hadubini, yaani kile chombo kinachokuza vitu vidogo mno hadi jicho likaweza kuviona. Wanafunzi wa sekondari wameniuliza, wauguzi wameniuliza. Aliyeniuliza vizuri kuliko wote ni mzee mmoja fundi seremala. Aliitazama picha kwenye kioo cha kompyuta kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anayekagua ubao kabla ya kuulipia. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi hapa naona nyota tu. Hizo seli ziko wapi, na mashine imeambiwa na nani?"

Mzee alikuwa amepatia kuliko alivyodhani. Zile nyota ndizo seli zenyewe. Ubongo una seli za aina nyingi, na aina mojawapo imepewa jina kwa kufananishwa na nyota: astrosaiti, seli zenye mikono mingi ambazo kazi yake ni kuzihudumia seli za neva. Nusu ya pili ya swali lake, kwamba mashine imeambiwa na nani, ndiyo inayonifanya niandike sura hii.

Kumbuka ulivyofundishwa kuchagua mchele. Hakuna mama aliyemkalisha mtoto akamsomea kanuni za jiwe: lina uzito huu, pembe hizi, weupe wa kiasi hiki. Mtoto aliwekewa sinia, akaanza. Akaacha kijiwe, kidole cha mama kikashuka: "Na hili?" Akatupa punje nzima akidhani ni chuya, kidole kikashuka tena. Baada ya sinia kadhaa mtoto anachagua huku anapiga hadithi, na ukimuuliza anajuaje kuwa hili ni jiwe, atakushangaa.

Kompyuta inafundishwa hivyo hivyo. Haijui seli. Inaonyeshwa, inakosea, inasahihishwa, inajaribu tena. Jipya la miaka hii michache ni kwamba kidole kinachosahihisha si lazima kiwe cha mtaalamu wa kompyuta. Sasa ni cha yule anayezijua seli.

Kwa nini mtu ahesabu seli?

Chukua ugonjwa wa Parkinson, ule unaomtetemesha mtu mikono na kumkazia viungo. Katikati ya ubongo, chini, kuna eneo dogo lenye weusi ambalo seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili. Katika Parkinson seli hizo hufa taratibu. Mtafiti anayejaribu dawa kwa panya anataka kujua jambo moja: panya waliopewa dawa wamebakiwa na seli ngapi, na wasiopewa wamebakiwa na ngapi?

Ubongo wa panya hukatwa vipande vyembamba, mara nyingi vya unene wa mikromita 40. Mikromita 1,000 ni milimita 1, kwa hiyo vipande 25 vikipangwa kimoja juu ya kingine vinafikia unene wa milimita 1 tu. Kila kipande hutiwa rangi inayoshika seli za aina fulani na kuziacha nyingine, kisha kinapigwa picha. Ubongo mmoja hutoa vipande vingi, kipande kimoja kinaweza kuwa na maelfu ya seli, na panya wako wengi.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na mtu aliyekaa mbele ya hadubini akiwa na kifaa cha kubonyeza mkononi: seli moja, bonyezo moja. Waliofanya kazi hii wanajua kwamba jicho la asubuhi si jicho la jioni. Mpe mtu picha ile ile leo na wiki ijayo, hesabu hazitalingana. Wape watu wawili, zitatofautiana zaidi. Kama dawa imeokoa seli chache tu, uchovu wa mhesabuji unatosha kuzimeza zisionekane. Hapo dawa nzuri inaweza kutupwa, au dawa isiyofaa ikasifiwa, na nyuma yake wako wagonjwa wanaosubiri.

Tatizo la kuona ndani ya ubongo ni la zamani. Mwaka 1873 Camillo Golgi, Mtaliano, aligundua rangi nyeusi iliyoshika seli chache tu kati ya umati na kuziacha nyingine zote bila rangi. Uchache huo ulikuwa neema, kwa sababu ubongo ukiutia rangi wote unaona msitu mzima wala huoni mti. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliitumia rangi hiyo kuchora seli za neva kwa mkono, tawi kwa tawi, michoro ambayo bado inafundishiwa. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Lakini Cajal alichora seli alizozichagua. Anayetaka kuzihesabu zote ana kazi nyingine: ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86.

Mahindi juani, korosho guniani

Kompyuta zilipoanza kusaidia, zilipewa kanuni: kila nukta ya picha inayong'aa kupita kiasi fulani ni seli, iliyo chini yake si seli. Nukta hizo ndogo zinazounda picha huitwa pikseli, na neno hili tutalihitaji hadi mwisho wa sura.

Kanuni ya mng'ao inafanya kazi pale seli zilipotawanyika kama mahindi yaliyoanikwa kwenye mkeka. Ukifika kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kutunza kumbukumbu, mambo yanabadilika. Kuna tabaka ndani yake ambamo seli zimebanana kama korosho kwenye gunia. Kompyuta ya kanuni inaona gunia zima kuwa seli moja kubwa. Vumbi linalong'aa inalihesabu, seli iliyofifia inairuka. Kila mtafiti akaweka kiasi chake cha mng'ao, na matokeo ya maabara mbili hayakuweza kuwekwa kwenye mzani mmoja.

Itazame kanga kwa mbali, kisha isogelee

Ujifunzaji wa kina ni njia ya kuifundisha kompyuta kwa mifano badala ya kanuni. Ndani yake kuna namba nyingi, mara nyingi mamilioni, zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Picha inaingia upande mmoja, jibu linatoka upande wa pili. Jibu linalinganishwa na lile alilochora mtu, na kila namba inasogezwa kidogo kuelekea kwenye usahihi. Kisha picha nyingine, na nyingine tena. Mpangilio wa namba uliokwisha kufundishwa hivyo huitwa modeli.

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox, walitangaza mtandao, yaani mpangilio wa namba wa namna hiyo, walioubatiza U-Net. Hadi leo programu nyingi za kutambua seli zimejengwa juu ya wazo lao, na kanga inatosha kulieleza.

Ukisimama mbali na kanga iliyotandikwa, unaona pindo likizunguka pande zote na mji katikati. Huwezi kuona uzi. Ukiinama karibu unaona uzi na mahali rangi ilipovuja, lakini umepoteza habari ya kama uko kwenye pindo au kwenye mji. Anayetaka kuijua kanga anahitaji vyote viwili. U-Net kwanza inaifinya picha hatua kwa hatua, kama mtu anayerudi kinyumenyume, hadi inabaki na umbo la jumla. Halafu inaikunjua tena kuelekea ukubwa wake, na kila hatua inaletewa kumbukumbu ya yale iliyoyaona ilipokuwa karibu. Kushuka na kupanda huko ukikuchora unapata herufi U.

Mifano iliyotumika katika jaribio lao mojawapo ilikuwa picha 30 tu, kila moja ya pikseli 512 kwa 512, zilizopigwa kwenye mfumo wa neva wa kiluwiluwi cha nzi. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba njia hii haiwezekani bila maelfu ya mifano. Kwa maabara ndogo yenye mwanafunzi mmoja wa kuchora, tofauti hiyo ilikuwa kama kufunguliwa mlango.

Maji hutafuta bonde

Lilibaki tatizo la korosho. Kujua kwamba pikseli hii iko ndani ya seli hakutoshi. Unataka kujua iko ndani ya seli ipi.

Jibu ninalolipenda lilitoka kituo cha utafiti cha Janelia, jimbo la Virginia, Marekani, kwa Carsen Stringer, Marius Pachitariu na wenzao. Programu yao inaitwa Cellpose. Ilitoka mwaka 2020 na makala yake ikachapishwa 2021. Modeli yao haiiulizi pikseli "uko wapi?" Inaiuliza: "Ungekuwa tone la maji, ungetiririkia upande gani?" Kila pikseli inajibu kwa mshale. Mishale yote ndani ya seli moja inaelekea katikati ya seli hiyo, kama mvua iliyonyesha juu ya vilima inavyoshuka kutafuta bonde. Ukiyaacha maji yatiririke hadi yatulie, matone yote yaliyoishia kwenye bwawa moja ni ya seli moja. Na pale seli mbili zinapogusana, hata kama mpaka hauonekani kwa rangi, mishale inapeana mgongo: huku inakwenda kushoto, huku inakwenda kulia. Mpaka umejitaja wenyewe.

Waliifundisha kwa maumbo zaidi ya 70,000 yaliyozungushiwa mstari kwa mkono. Mengi yalikuwa seli, lakini walichanganya pia picha za matunda, mawe na magamba, ili modeli izoee wazo la "vitu vingi vinavyofanana vilivyokaa pamoja". Nimeona wasomaji wakilishangaa hilo, lakini mtoto aliyezoea kuchagua mchele hapati taabu akipewa choroko.

Mbele ya kioo

Hata hivyo hakuna modeli inayojua kila seli. Unaifungua picha ya mikroglia, seli zinazolinda ubongo na kusafisha mabaki. Mikroglia iliyotulia ina mwili mdogo na matawi membamba yaliyotanda pande zote. Modeli inauzungushia mwili mstari na kuyakata matawi yote. Kwa anayehesabu tu hakuna tatizo. Kwa anayechunguza kama seli imeshtuka, ni hasara kubwa, kwa sababu mikroglia inapokutana na ugonjwa au jeraha huyavuta matawi yake na kunenepa. Habari yote ilikuwa kwenye matawi.

Zamani hapo ungemwandikia mtaalamu wa kompyuta na kusubiri. Toleo la pili la Cellpose, la mwaka 2022, lilimkabidhi mtafiti mwenyewe kazi hiyo. Unabonyeza seli iliyochorwa vibaya huku umeshikilia kitufe cha Ctrl, mchoro unafutika. Unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi pembeni mwa seli, kiduara chekundu kinatokea, unaifuata seli ukingo kwa ukingo, tawi kwa tawi, hadi unarudi kwenye kiduara na mstari unajifunga. Ukimaliza picha moja unaiamuru modeli ijifunze upya kwa masahihisho yako. Kwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki, kifaa kinachofanya hesabu nyingi kwa mpigo, ni suala la dakika. Unafungua picha ya pili, nayo tayari imechorwa na modeli iliyokusikia. Makosa yamepungua. Unasahihisha yaliyobaki, unaifundisha tena, unafungua ya tatu.

Waandishi wake walionyesha kwamba seli 100 hadi 200 zilizosahihishwa hivi zilitosha kuipatia modeli ubora unaokaribia ule uliohitaji mifano mingi mno. Sababu inaeleweka kwa mchele: hukai ukimwonyesha mtoto punje nzuri elfu moja. Unamwonyesha lile jiwe alilolikosa.

Programu za namna hii, ambazo mtu na mashine wanapokezana, sasa ni nyingi. Iliyonikaa moyoni ni ilastik, iliyoanzia Heidelberg, Ujerumani, kabla wimbi la ujifunzaji wa kina halijafika: unapaka mistari michache ya rangi, huu wa seli, huu wa mandhari ya nyuma, nayo inakisia picha nzima papo hapo. Kwa mbinu mpya zaidi kuna modeli ya Segment Anything, iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2023 baada ya kufundishwa kwa picha milioni 11 zenye maumbo zaidi ya bilioni 1. Unagusa kitu, inakizungushia mstari. Ikipitiliza, unagusa mahali pasipohusika, inarudi nyuma. Ilifundishwa kwa picha za kawaida za maisha, si za hadubini, ndipo watafiti wa Göttingen walipoongoza kazi ya kuifundisha upya kwa picha za seli.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kanuni za mng'ao zilishindwa kwenye seli zilizobanana. Ujifunzaji wa kina hujifunza kwa mifano. Programu shirikishi humruhusu anayezijua seli kusahihisha hapo hapo, na masahihisho machache yaliyolenga makosa hufanya kazi ya mifano mingi.

Nzi mmoja

Kusahihisha huku hakuishii kwenye kuhesabu seli; kunafika hadi kwenye ramani za jinsi seli zinavyoungana. Mwaka 1986 kikundi cha Cambridge, Uingereza, kilichapisha ramani ya mfumo mzima wa neva wa mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302. Ilifuatiliwa kwa mkono, na kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Oktoba 2024 mradi wa FlyWire, uliosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ulitoa ramani ya ubongo wa nzi mmoja wa kike aliyekomaa, wa ile jamii ndogo inayozunguka ndizi zilizoiva. Seli za neva 139,255. Ubongo huo ni mdogo kuliko punje ya mtama, ulikatwa vipande zaidi ya 7,000 na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni, ile inayotumia elektroni badala ya mwanga. Picha zilikuwa takribani milioni 21. Kompyuta ndiyo iliyofuatilia nyuzi zote za seli kutoka kipande hadi kipande.

Nayo ilikosea kwa namna mbili. Ama iliunganisha seli mbili kuwa moja, ama iliikata seli moja ikawa vipande. Kosa moja la kuunganisha linatosha kuonyesha kwamba jicho linaongea na mguu wakati haviongei. Kwa hiyo watu walikaa kusahihisha. Seli zikiwa zimegandana, unaweka nukta nyekundu upande huu na za buluu upande ule, mfumo unatafuta pa kukata. Walioshiriki walikuwa watafiti wa nchi nyingi pamoja na watu wa kawaida, baadhi yao wakiwa wamejifunzia kwenye mchezo wa intaneti uitwao EyeWire. Ukijumlisha masahihisho yao yote unapata kama miaka 33 ya kazi ya mtu mmoja. Namba hiyo naipenda kuliko ile ya seli. Hii ni miongoni mwa kazi za akili unde, au akili mnemba kama wengine waiitavyo, zinazosifiwa sana katika fani hii, na ndani yake mna miaka 33 ya mikono ya watu.

Pale modeli inapokosea bila kusita

Mara nyingi modeli haikuambii "hapa sina hakika". Inachora mstari mnene ule ule juu ya seli na juu ya uchafu. Mfano wa kweli ni uzee. Seli za ubongo zinavyozeeka hujirundikia mabaki yaitwayo lipofusini, na mabaki haya hung'aa yenyewe chini ya hadubini ya mwanga hata bila kutiwa rangi. Modeli iliyofundishwa kwa panya vijana ikipewa ubongo wa panya mzee inaweza kuyahesabu mabaki hayo kama seli. Mtafiti asiyefungua picha atatangaza kwamba uzee umeongeza seli.

Kwa hiyo anayetumia zana hizi, naomba ashike haya:

- Tenga picha kadhaa ambazo modeli haitaziona kamwe wakati wa kujifunza, na uipime nazo mwisho. Mtihani uliovuja haupimi kitu.
- Anayesahihisha asijue picha ipi ni ya panya aliyepewa dawa. Mkono huvutwa na tumaini.
- Ukibadilisha rangi, hadubini au umri wa mnyama, rudi usahihishe upya.

La pili ndilo zito. Modeli hujifunza seli, lakini hujifunza pia mazoea ya aliyeifundisha. Kama yeye huzipuuza seli zilizofifia, nayo itazipuuza, kwenye picha elfu kumi, bila kuchoka.

Ishaka na Dar es Salaam

Huku kwetu swali linalofuata huwa la fedha. Cellpose na ilastik ni za bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa kila mtu. Bila kadi ya grafiki kazi inakwenda polepole zaidi, lakini inakwenda. Kigumu ni hadubini na mafunzo.

Hapo kuna yanayofanyika. Hadubini ya OpenFlexure, iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, pamoja na STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara, ina mwili uliochapishwa kwa plastiki kwenye mashine ya kuchapa maumbo, na inaweza kujengwa na kukarabatiwa hapa hapa. Lengo lake kuu limekuwa vimelea vya malaria, ambavyo Chuo Kikuu cha Makerere nacho kimefundisha kompyuta kuvitambua kwa picha za simu iliyofungwa kwenye hadubini. Na mwaka 2011, mjini Ishaka, magharibi mwa Uganda, wanasayansi wa mtandao wa TReND walianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika sayansi ya ubongo kwa kutumia nzi wa matunda, kwa sababu nzi ni rahisi kufugwa. Ni jamii ile ile iliyochorwa Princeton, na asili yake ni bara hili.

Nirudi kwa mzee seremala. Sikuwa na jibu zuri la maneno siku ile, nikampisha kiti na kumpa mausi. Nilikuwa nimekwisha kuizungushia mstari nyota moja kubwa katikati ya picha, na modeli ilikubaliana nami. Mzee akasogea hadi pua ikaribie kioo.

"Hizi ni mbili, mwanangu. Zimeunganishwa. Angalia kiungo."

Nikakuza picha. Kulikuwa na ufa wa giza mwembamba kama pikseli mbili, ukipita katikati ya nyota yangu. Nikaufuta mstari wangu. Yeye akachora ya kwanza, mkono ukimtetemeka kidogo, akarudi kwenye kiduara chekundu, kisha akaanza ya pili.